Mayai nimeacha, nyama nimepunguza, kolestro imegoma kushuka

SWALI

Shikamoo Anti,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Pasua hapa Moshi, nina miaka 48, nina kaduka ka vitambaa, nyuzi na vifungo pale mjini karibu na stendi. Nakuandikia kwa sababu hili suala la kolestro limenichosha na kila mtu ana lake la kuniambia, mwisho wa siku sijui nimsikilize nani.

Kaka yangu mkubwa alianguka ghafla mwaka juzi akafariki, alikuwa na miaka 51, tukaambiwa ni moyo. Toka hapo hofu ikaniingia, nikaenda kupima kila kitu. Sukari ilikuwa nzuri, presha ya mpakani mpakani hivi, ila mafuta kwenye damu ndo yakaja vibaya. Kolestro yote jumla 6.4, LDL (ile wanaita kolestro mbaya) 4.3, HDL (ile nzuri) 1.0, triglisaraidi (aina nyingine ya mafuta kwenye damu) 2.4. Daktari akasema tuanze na chakula kwanza, nirudi baada ya miezi mitatu, isiposhuka ndo tuongee habari ya dawa.

Anti mi nilitii. Mayai niliacha kabisa hata kwenye chapati. Kitimoto nikaacha, mishikaki ya jioni nikaacha. Dada mmoja kwenye kikoba chetu akaniambia na parachichi niache maana ni mafuta matupu, na karanga pia, nikaacha vyote, na ujue kwetu mparachichi uko nyuma ya nyumba yani yanadondoka nagawia majirani huku nayaangalia tu. Mchana nakula ndizi na maharage, au wali kidogo na mboga za majani. Usiku ugali, mchicha, dagaa. Nikarudi kupima nikiwa na uhakika kabisa. Kolestro 6.3, LDL 4.2, HDL imeshuka 0.9, na triglisaraidi ndo kwanza imepanda 2.6. Nilitoka pale nalia.

Daktari akaniuliza katikati ya milo unakula nini, nikamwambia hamna cha maana, ni vitafunwa tu. Akasema niandike kila kinachoingia mdomoni. Nimeandika, nakuwekea na wewe uone siku yangu ilivyo.

Saa nne asubuhi anapita mama wa vitumbua na ndoo yake, nachukua vitatu na kikombe cha chai ya maziwa. Ananifungia kwenye karatasi ya daftari, ukivitoa karatasi imelowa mpaka maandishi ya upande wa pili yanasomeka. Saa tisa kumi hivi duka limetulia, njaa ya kuchezea inakuja, natuma mtu kwa Mangi ananiletea pakiti ya biskuti za krimu au krispi za muhogo, siku nyingine sambusa mbili. Zamani muda huo nilikuwa natafuna karanga ila ndo hivyo nimeziacha. Jioni nikifika nyumbani nachemsha kahawa, ni ya shambani kwetu Kibosho, mama anakaanga na kutwanga mwenyewe ananitumia, naichemsha kwenye sufuria kama tulivyokua tukiona, nakunywa vikombe viwili au vitatu, na hapo kama watoto wamebakiza hafukeki namalizia.

Alafu Jumamosi kuna kikoba. Tunakwenda kwa zamu nyumba kwa nyumba na kila mwenye zamu anataka aonekane kaandaa, kwa hiyo ni sambusa, mandazi, keki, soda, na ukikataa wanasema unaringa. Na huyo mama wa vitumbua ni mwanakikoba mwenzetu, anasomesha watoto wake kwa hivyo vitumbua, siwezi kumkwepa mtu ninayekutana naye kila siku.

Sasa Anti naomba unisaidie. Kweli vitu vidogo hivi vinaweza kuharibu damu kiasi hiki? Maana dumu la mafuta anayotumia yule mama nimeliona kwa macho yangu, limeandikwa halina kolestro. Pili, wifi yangu wa Tanga anasema nihamie mafuta ya nazi, eti ndo dawa. Tatu, nimeambiwa ninywe kitunguu saumu na limao kila asubuhi. Na nne, dawa za hospitali naziogopa, wanasema ukianza huachi mpaka kufa.

Mama wa Watatu, Moshi

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa kaka yako. Nitarudi kwake baadaye kwa sababu miaka yake ile 51 ina maana kwenye hesabu yako na sijui kama daktari wako ameambiwa.

Nianze na swali la kwanza maana ndo limebeba yote. Ndiyo, vinaweza. Isome tena hiyo siku yako uliyoniandikia, utaona milo yako mikubwa iko safi kuliko ya watu wengi ninaowajua, ndizi na maharage, mchicha, dagaa, hapo sina la kukukosoa. Mafuta na sukari yote yamehamia kwenye zile saa ambazo hukai mezani. Vitumbua vitatu, biskuti, sambusa, hafukeki, ukiviweka kwenye sinia moja hicho ni chakula cha nne cha siku na ndicho kizito kuliko vyote, ila kwa sababu kinaingia kidogo kidogo huku unampimia mteja kitambaa huwezi kukiona.

Sasa hilo dumu. Wala hawajakudanganya, halina kolestro kweli, lakini mafuta yoyote ya mmea hayana kolestro, yawe alizeti, mawese, nazi au karanga, kolestro inapatikana kwenye vitu vya wanyama peke yake. Kwa hiyo kuandika vile ni kama kumsifia mtu kwamba ana pua. Tatizo liko kwingine. Kolestro nyingi iliyo kwenye damu yako hujaila, ini lako ndo limeitengeneza, na ini hilo hilo ndo lina kazi ya kuivuta LDL kutoka kwenye damu na kuitoa. Mtu akila sana mafuta ya kuganda, yani yale ambayo kukiwa na baridi yanakuwa meupe mazito, ini linapunguza kasi ya kuivuta, LDL inabaki inazunguka tu kwenye mishipa, na ikizunguka sana miaka na miaka inaanza kujibandika kwenye kuta za mishipa. Ndo maana mtu anaweza kuacha mayai yote ya dunia na LDL yake isisogee, kwa sababu kwa watu wengi mafuta ya kuganda yanapandisha LDL kuliko hiyo kolestro iliyo kwenye kiini cha yai.

Na mafuta hayalingani. Mawese, karibu nusu yake ni hayo ya kuganda. Nazi ni zaidi ya asilimia 80. Alizeti ni kama asilimia 10 au 11 tu. Wewe uko Moshi una bahati moja watu wa Dar hawana, mwezi wa sita na wa saba baridi ya mlimani inakupimia bure. Weka chupa ya mafuta dirishani usiku, asubuhi itazame. Yenye mawese itakuwa imefanya kama ukoko mweupe, ukiinamisha haitiririki vizuri. Alizeti, hasa ile ya kukamua mitaani isiyosafishwa sana, inaweza kufanya ukungu kidogo chini, hiyo ni nta yake usiogope, lakini haigandi.

Turudi kwenye kitumbua chenyewe, na naongea kama mtu anayekipenda. Ndani kuna mchele, sukari na tui la nazi. Kile chuma chake kila kishimo kinamiminiwa kijiko cha mafuta, akigeuza anaongeza tena, na kitumbua kinanyonya kama sponji, ndo hayo umeyaona kwenye karatasi ya daftari. Kwa hiyo una nazi ndani na, kama dumu lile ni la mawese, mawese nje. Juu ya hapo wauzaji wengi mafuta yakibaki kwenye karai wanayatumia kesho na keshokutwa mpaka yanakuwa meusi yananuka, na mafuta yaliyopigwa moto mara nyingi yanavunjika na kutoa vitu visivyofaa mwilini kabisa. Sambusa hadithi ni ile ile, nyama ni kidogo, manda ndo imekunywa mafuta. Krispi za muhogo ndo kabisa, muhogo wenyewe hauna neno, ila umeukata mwembamba kama karatasi ukautumbukiza kwenye mafuta, alafu na chumvi, na presha yako umesema iko mpakani.

Biskuti za krimu nataka uzitazame kwa karibu. Geuza pakiti usome viungo, sheria ya vile viungo ni kwamba kilicho kingi kinaandikwa kwanza, utakuta unga wa ngano, sukari, mafuta, ndo tatu za mwanzo. Ukiona neno hydrogenated, rudisha pakiti kwa Mangi. Hayo ni mafuta ya mmea yaliyogandishwa kiwandani, na yale yaliyogandishwa nusu nusu yana mafuta ya transi ambayo ndo mabaya kuliko yote, yanapandisha LDL na hapo hapo yanashusha HDL. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi ziyaondoe kabisa kwenye vyakula ifikapo 2023, ila dukani bado unatakiwa kusoma mwenyewe.

Hapa sasa ndo penye moyo wa barua yako, na nakuomba usome taratibu. Ulipoacha karanga na parachichi, uliweka nini mahali pake? Biskuti. Yani umetoa vitu viwili ambavyo vingekusaidia ukaingiza kitu ambacho kinakuumiza, na damu yako imesema hivyo hivyo, angalia, LDL imegoma, HDL imeshuka, triglisaraidi imepanda. Triglisaraidi ikipanda hivyo kwa mtu asiyekunywa pombe na sukari yake ni nzuri, cha kwanza natazama sukari na unga mweupe. Chama cha Moyo cha Marekani mwaka 2017 kilipitia tafiti nyingi juu ya jambo hili, kikaona kwamba watu waliotoa mafuta ya kuganda wakaweka mafuta ya mimea kama ya alizeti na soya, magonjwa ya moyo na mishipa yalipungua kwa kama asilimia 30, ila wanaotoa hayo mafuta wakaweka unga mweupe na sukari hawapati faida hiyo. Kwa hiyo kila ukitaka kuacha kitu jiulize pale kilipotoka panaingia nini, kwa sababu saa kumi njaa itakuja tu na utakula kitu.

Parachichi lirudi leo. Ni mafuta kweli dada yule hakukosea, lakini ni mafuta ya aina ile laini, ya kuganda ni kidogo sana, na gramu 100 zake zina nyuzinyuzi karibu gramu 7 ambazo ni nyingi. Nusu ya parachichi la kawaida kwa siku inakutosha, maana ya kwetu yanakua makubwa na yanashibisha, ukila mawili kwa siku utanenepa. Lipake kwenye kiazi kitamu cha kuchemsha badala ya majarini. Linadondoka nyuma ya nyumba mdogo wangu, na wewe unanunua biskuti!

Karanga nazo zirudi, kiganja kimoja kisichofurika ambacho ni kama gramu 30, za kukaanga kavu bila chumvi. Korosho pia ni nzuri ila bei yake unaijua. Karanga zichambue kabla ya kukaanga, yoyote iliyosinyaa, yenye weusi au ukungu tupa, kwa sababu ya sumukuvu, na moto wa kukaanga haumalizi sumu hiyo.

Saa nne unahitaji kitu cha moto na cha kushibisha, naelewa, umeamka alfajiri. Gimbi la kuchemsha, kiazi kitamu, muhogo wa kuchemsha, ndizi mbivu mbili, mahindi ya kuchoma yakiwa msimu wake. Na uji, ila ukipika wa shayiri ndo bora zaidi, shayiri imelimwa Monduli na West Kilimanjaro miaka na miaka lakini watu wanaijua kwa bia tu, ina aina ya nyuzinyuzi inayofanya kama ute tumboni, ule ute unashika nyongo unatoka nayo chooni, ini likitaka kutengeneza nyongo nyingine inabidi livute kolestro kwenye damu. Maharage na kunde zinafanya kazi inayofanana, kwa hiyo yale maharage yako ya mchana usiyaguse. Matunda yenye nyama, mapera, machungwa, machenza, embe, uyale na nyama yake, juisi iliyochujwa imeacha kila kitu cha maana kwenye chujio. Chai jaribu ya rangi, tangawizi na mchaichai, au maziwa yawe kidogo tu, na sukari upunguze kijiko kimoja kimoja kila wiki, ulimi utazoea.

Saa kumi, karanga zako na tunda. Siku ukitaka kitu cha kuvunjika vunjika mdomoni, bisi, unazipika mwenyewe nyumbani kwa kijiko kimoja cha alizeti, chumvi ya kunyunyiza kidogo sana, unaweka kwenye kopo unakuja nalo dukani. Lazima kitu kiwe tayari pale chini ya meza kabla njaa haijafika, kwa sababu ukisubiri njaa ifike utamtuma tu mtu kwa Mangi.

Na sasa kahawa, hili najua hukulitegemea. Kahawa ina mafuta yake ya asili, na ndani ya mafuta hayo kuna kitu kinaitwa kafestoli ambacho kinapandisha LDL. Ukiichemsha kwenye sufuria kama tunavyofanya huku mlimani, kafestoli nyingi inabaki kwenye kikombe, hata ukiacha masimbi yatulie chini haisaidii maana mafuta yanaelea na maji. Chujio la karatasi ndo linalokamata. Zinauzwa supamaketi za mjini, unaweka kwenye faneli, unatia kahawa ya Kibosho ya mama yako, unamwagia maji ya moto taratibu, harufu ile ile, ladha inakuwa nyepesi kidogo lakini damu yako itafurahi. Kahawa ya unga ya kuyeyuka yenyewe ina kafestoli kidogo sana. Kwa mtu anayekunywa kikombe kimoja mara moja moja nisingelipigia kelele jambo hili, ila wewe ni viwili vitatu kila jioni na LDL iko 4.2, kwa hiyo linahusika.

Kikoba. Usidanganye kwamba umefunga, wala usile nusu ukaficha nyingine kwenye pochi. Siku ya kikao simama uwaambie ukweli, kwamba kaka yako alifariki kwa moyo na wewe umeambiwa damu yako ina mafuta, hakuna atakayekuita mwenye maringo, na nakuhakikishia kwenye hicho kikundi kuna wengine wawili watatu ambao hawajapima na wanapaswa kupima, maana kolestro haiumi, haiwashi, haina dalili, hayo maumivu ya shingo na ganzi watu wanayosema "nasikia mafuta" siyo kipimo. Alafu pendekeza sinia libadilike, magimbi ya kuchemsha, karanga, bisi, matunda ya msimu, chai ya tangawizi. Ni bei rahisi kuliko sambusa na soda, mwenye zamu atakushukuru kimoyomoyo. Soda zenyewe chupa moja ya mililita 300 ina sukari kama vijiko 8 vya chai, kwa triglisaraidi ya 2.6 hiyo soda achana nayo kabisa.

Na mama wa vitumbua mpe tenda hiyo! Kikoba kimuagize yeye magimbi na karanga za kila Jumamosi. Na asubuhi kwenye ndoo yake aweke na viazi vitamu vya kuchemsha, mahindi na karanga za kufunga vipakiti, wewe uwe mteja wa kwanza, maduka ya jirani wakiona watafuata, watu wa umri wetu wanaotafuta kitu kisicho na mafuta ni wengi mjini hapo. Kwa hiyo hutamkwepa wala hutampunguzia kipato. Kitumbua kula kimoja Jumamosi kwa raha zako, kula polepole.

Mafuta ya nazi, hapana. Mwambie wifi kwa upole, wali wa nazi mara moja kwa wiki tutakula tukija Tanga, lakini kama dawa ya kolestro hapana, nimekwambia hapo juu ni zaidi ya asilimia 80 mafuta ya kuganda, na yakilinganishwa na alizeti LDL inapanda. Kitunguu saumu kiweke kwenye mboga, kinasaidia upunguze chumvi, ila usitegemee kikushushie LDL, kilichoonekana kwenye tafiti ni kidogo sana au hakipo. Limao ni limao tu, haliyeyushi mafuta kwenye mishipa. Na mayai uliyoacha, unaweza kurudisha machache kwa wiki, ya kuchemsha, siyo ya kukaanga wala ya kwenye chipsi.

Dawa sasa. Hizo atakazokuandikia zikifika muda huo zitakuwa kundi la statini, zinapunguza ini kutengeneza kolestro na kulifanya livute LDL zaidi. Watu wanasema huachi kwa sababu zinafanya kazi pale unapozimeza tu, ukiacha LDL inarudi ilikotoka, sawa na dawa za presha, siyo kwamba zinakufanya teja. Wapo wanaopata maumivu ya misuli, ukiyapata mwambie daktari akubadilishie dozi au aina, usikae kimya ukaacha mwenyewe. Nakuomba kwa dhati usizikatae kwa hofu, maana vitafunwa vikibadilika vizuri pamoja na kahawa, mtu kama wewe anaweza kutegemea LDL ishuke asilimia 10 hadi 15, yani kutoka 4.2 kwenda kama 3.6 au 3.8, ni hatua kubwa, ila nzuri kabisa ni chini ya 2.6. Kuna watu chakula kinawatosha na kuna watu damu yao ya ukoo inahitaji msaada, kupewa dawa siyo kwamba umeshindwa.

Na ndo narudi kwa kaka. Mwanaume akipata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55, ndugu zake wa tumbo moja wanahesabiwa kuwa na hatari zaidi, na daktari anatakiwa aliweke hilo kwenye hesabu pamoja na presha yako, umri na HDL, ambayo kwa mwanamke tunataka ivuke 1.3. Mwambie, hata kama hajauliza. Ndugu zako wengine na watoto wa marehemu wapime, hilo usilicheleweshe. Muulize pia kuhusu tezi ya shingo, thairoidi, ikifanya kazi pole pole LDL inapanda na mtu anahangaika na chakula bure, ni kipimo cha damu tu. Na kama hedhi imeanza kuyumba mwambie, kipindi hicho LDL huwa inapanda yenyewe kwa wanawake wengi.

Jioni ukifunga duka tembea kwenda Pasua badala ya bodaboda siku ambazo hakuna mvua, HDL na triglisaraidi zinapenda sana miguu.

Badilisha hivi kuanzia wiki hii, pima tena baada ya wiki 8 hadi 12, na kwa vile triglisaraidi yako iko juu muulize daktari kama anataka uende bila kula tangu usiku. Majibu yakitoka niandikie namba zote nne, siyo jumla peke yake, na uniambie daktari alisemaje kuhusu kaka.